Picha ilisema ubongo wa kijana ni mzima, nami nikasema niliyosema

Shangazi, hujambo?

Ni saa kumi alfajiri. Hapa kwetu Free Area malori ya barabara kuu hayalali, nami sijalala. Kijana amewasha taa tena. Najua anachofanya: ameinua ile picha ya MRI kwenye balbu, anaikagua. Sijui anatafuta nini, maana tuliambiwa hakuna kitu.

Siandiki kuuliza kama nilikosea. Wenye kulisema hilo wameshalisema, wa kwanza mama yake, wa pili shemeji. Ninachotaka ujue ni kwamba mimi ndiye niliyejua mwisho. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita, kijana wa miaka 19 amerudi kutoka chuo, haogi, hali na wenzake, anamwambia mama yake anasikia jina lake kwenye maji ya mfereji, nami naambiwa "amechoka na masomo." Nilijuaje? Simu ya mama watoto ilikuwa mezani inachajiwa, ujumbe wa M-Pesa ukaingia: amepokea Sh15,000 kutoka kwa mweka hazina wa chama chao. Nikauliza za nini. Ndipo nikaambiwa za picha ya ubongo wa mwanangu, tena anakatakata sukuma wiki bila hata kunitazama. Dada yake, yule shemeji, alijua. Mama wa plot alijua.

Mimi ni makenika, shangazi. Gari likija linakohoa, unachomeka mashine, inakuandikia kosa liko wapi. Kwa hivyo nilipokubali (na nilikubali, nikaongeza na pesa zilizopungua, hilo hawalisemi) nilijua mashine kubwa kama ile haiwezi kukosa kuona. Karatasi ikatoka: hakuna kasoro iliyoonekana. Tulipofika nyumbani, wadogo zake wote wakiwa sebuleni, nikasema, "Ubongo mzima. Sasa maigizo yaishe."

Maneno matano. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapimi maneno. Kijana alichukua bahasha akaingia chumbani. Tangu siku hiyo ananijibu "sawa" na "eeh," basi.

Mama watoto anasema daktari alikuwa ameshatueleza na nikajifanya sikusikia. Nilisikia. Alisema kijana hajawa mgonjwa, ila ana dalili za mtu aliye katika hatari ya kuugua akili, kwa sababu bado anajiuliza kama sauti ile ni ya kweli au ni yeye tu. Kwamba kati ya watu 100 wenye dalili hizo, wanaokuja kuugua kabisa ndani ya miaka 3 ni kama 25, na wengi hawafiki huko. Kwamba picha ilikuwa ya kuhakikisha hakuna uvimbe wala jeraha, na kazi hiyo imeifanya.

Nikamwambia nimesikia redioni kwamba ubongo wa watu hawa ni tofauti, sasa wa kijana wangu mbona hauonyeshi? Akasema tofauti ipo, lakini ukikusanya watu wengi. Utafiti mmoja wa 2021 ulichukua picha za watu zaidi ya 3,000 kutoka nchi mbalimbali, karibu 1,800 kati yao wakiwa na dalili kama hizi. Wakapima gamba la juu la ubongo, ambalo unene wake ni milimita chache tu, wakakuta la kwao kwa wastani ni jembamba kidogo. Waliokuja kuugua baadaye, kuna sehemu zilizokuwa nyembamba zaidi, mojawapo ya pembeni, usawa wa sikio. Ila tofauti yenyewe ni ndogo mno, picha ya mtu mmoja haikuambii yumo au hayumo. Aliona nimekunja uso, akaniuliza kazi yangu. "Basi chukua pedi za breki za matatu 1,000 na za magari ya nyumbani 1,000, uzipime. Wastani utatofautiana. Nikikuletea pedi moja, utajua imetoka gari gani?" Nikasema siwezi. Kusema kweli ningeweza, lakini nilimwelewa.

Kwa hiyo ninachotaka ni kijana apigwe picha nyingine baada ya miezi 3, halafu nyingine, tuwe tunalinganisha. Daktari hataki. Anasema ujana wenyewe hupunguza unene wa gamba hilo kwa kila mtu, tutajitia hofu bure. Mama yake anataka pesa ziende kwa mshauri nasaha wa kuzungumza naye. Mimi siiamini picha, lakini heri picha kuliko mazungumzo. Mazungumzo yangefanyika mwezi wa nne, nami nikiwepo.

Kuna na bangi. Alikiri kwamba chuoni alikuwa anavuta, na daktari akamwambia aache kabisa kwa kuwa inaongeza hatari. Nilifarijika, nisikufiche. Nilikuwa nimepata wa kulaumiwa asiye wa nyumba hii. Halafu daktari akauliza kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua akili. Mama watoto akasema kwao hakuna. Nami nikasema hakuna.

Kaka yangu mkubwa alirogwa. Ndivyo tulivyoambiwa nyumbani Kakamega, na mtu aliyerogwa haandikwi kwenye faili la hospitali. Alikuwa na miaka 20 alipoanza kusikia watu ng'ambo ya mto wakimsema. Wazee walimfunga kamba kwenye mpera nyuma ya jiko, na mimi, nikiwa darasa la tano, ndiye niliyekuwa nampelekea ugali. Alikuwa ananiuliza, "Nawe unawasikia?" Nilikuwa nasema ndiyo, ili ale. Alifariki kabla sijaoa. Mama watoto anajua ilikuwa malaria. Sikumdanganya, malaria pia alikuwa nayo.

Sasa nishauri kuhusu hii picha. Mimi kama baba sina haki ya kuamua apigwe tena? Na kama mambo ya ukoo huhesabiwa, daktari akiambiwa leo, ile 25 inapanda? Kijana ataandikwa vingine? Au ninyamaze tu, kwa kuwa aliyekufa amekufa?

Juzi usiku nilisimama mlangoni kwake. Hakugeuka. Akasema, "Baba, unasikia?" Mfereji ulikuwa umefungwa, niliufunga mwenyewe. Nilikaa pale kidogo, nikarudi kitandani bila kumjibu, na hilo mama yake halijui.

Alhamisi wanarudi kliniki. Mama watoto amesema niende nikitaka. Nikitaka! Dada yake kaombwa tangu Jumapili.

Makenika, Nakuru