Mliandika mafuta ya bangi hayana madhara, mtoto wetu akaachishwa dawa ya kifafa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu nikiwa nesi kijana na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile ripoti yenu ya Jumamosi ya aina za bangi na mafuta ya CBD, kemikali moja ya bangi, imenikera mpaka nikaona leo sinyamazi. Mnaikumbuka, ile ya picha kubwa ya jani na jedwali kando, ati indica ni ya kulala, sativa ni ya kuchangamka, alafu pale chini mkaandika CBD ni mmea tu, haina madhara. Nani aliwaambia?

Tuanze na hayo majina. Sativa ni jina Linnaeus aliandika 1753, indica ikaletwa na Lamarck 1785, na hao wataalamu wa mimea walikuwa wanaangalia majani, shina na mahali mmea umetoka, hakuna aliyekuwa anapima usingizi wa mtu. Tangu hapo mbegu zimechanganywa sana hadi jina kwa pakiti haliwezi kukuambia ndani kuna nini. Kinachofanya kazi mwilini ni kemikali na kipimo chake. THC ndiyo inalewesha, CBD hailewishi, na mimea miwili yenye jina moja inaweza kuwa na vipimo tofauti kabisa. Kijana wa steji akikuambia hii ni ya Busia, ile ni shash ya Ethiopia, hapo amekutajia bei tu. Nyinyi mkachukua maneno kama hayo mkayachorea jedwali, na jedwali likishatoka gazetini watu wanaliamini.

Sasa sikieni. Binti ya kaka yangu ana mtoto wa miaka nane mwenye kifafa, na alikuwa anaendelea vizuri kabisa na dawa yake ya maji ya valproeti, shule anaenda, mchezo wa kati anacheza na wenzake. Mamake akasoma hiyo ripoti, akapata mtu wa kumuuzia mafuta kwa WhatsApp, akatuma shilingi 3,500 ambayo ilikuwa pesa ya mbolea, na huyo muuzaji akamwambia ampe mtoto matone matatu asubuhi na jioni na asichanganye na dawa za hospitali juu zitaharibu kazi ya mmea. Basi valproeti ikaachwa ghafla, hivyo tu, kitu ambacho nesi yeyote atakuambia ni hatari, dawa ya kifafa haikatwi kwa siku moja hata kama imeonekana haisaidii, inapunguzwa pole pole daktari akiangalia. Nilipoitwa usiku nilikuta mtoto chini kando ya kochi, mwili wote unatingishika, povu mdomoni, na jirani ameshika kijiko anataka kumpanua meno. Nikakitupa huko, nikamlaza kwa ubavu, nikaangalia saa. Dakika tano zikapita na bado. Tukambeba kwa probox ya jirani hadi hospitali, akapewa diazepamu ndio ikatulia. Asubuhi mamake ananiuliza, "Senje (yaani shangazi), si gazeti lilisema haina shida?" Nikamwambia aniletee hiyo chupa. Ni kachupa ka kahawia ka kudondosha, lebo imetolewa kwa printa ya kawaida, nikaishika na kidole chenye maji wino ukatoka, jani likageuka doa. Imeandikwa INDICA, chini yake USIKU. Miligramu hakuna. Nambari ya bachi hakuna, tarehe ya kuisha hakuna, jina la aliyetengeneza hakuna. Hiyo ndiyo mtoto alikuwa ananyweshwa.

Na mimi sisemi CBD ni uongo, hapo ndipo mngenisaidia kama mngeandika vizuri. Iko dawa ya CBD iliyosafishwa inaitwa Epidiolex, Marekani waliikubali 2018 kwa kifafa cha Dravet na cha Lennox-Gastaut, vifafa vigumu sana vya utotoni. Kwa utafiti wa Dravet uliochapishwa 2017, watoto waliopewa walishuka kutoka degedege kama 12 kwa mwezi hadi kama 6, na hawakuachishwa dawa zao, CBD iliongezwa juu yake. Hata dozi si ya kubahatisha. Inaanza miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, alafu inapandishwa hadi 10 au 20. Mtoto wetu ana kilo 22, kwa hivyo angeanza na miligramu 110 kwa siku, na ile dawa ina miligramu 100 kwa kila mililita. Matone matatu ya dawa yenye nguvu hiyo ni kama miligramu 15. Sasa ile ya WhatsApp ina ngapi? Hata muuzaji hajui. Na hiyo "haina madhara" yenu, CBD inaleta usingizi, kuharisha, kukosa hamu ya kula, na ikikutana na valproeti inaweza kupandisha vipimo vya ini, ndio maana anayeitumia anapimwa damu. Ikikutana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pia kuna shida, na huku kwetu wazee wenye ugonjwa wa moyo wanaotumia warfarini wapo. Huko Marekani kwenyewe watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD kwa intaneti wakazipima, matokeo yakatoka 2017, asilimia 31 tu ndizo lebo ilikuwa inasema ukweli, na bidhaa 18 kati ya hizo 84 zilikutwa na THC. Kama kule ni hivyo, hapa Kakamega ambapo sheria ya 1994 inakataza bangi na kila kitu kinauzwa kwa kujificha, nani anakagua?

Lakini pia niseme, huyu mama hakukimbilia mafuta bure. Alienda dispensari akaambiwa dawa imeisha, akarudi, imeisha, kanunue chemisti. Fenobabitali ni kati ya dawa za bei ya chini kabisa za kifafa duniani na bado utasikia imeisha. Mtu akikosa dawa kwa dirisha la serikali atamsikiliza yeyote mwenye chupa. Hiyo hamkuiandika hata sentensi moja.

Naomba hivi. Mkiandika tena CBD msiweke picha ya jani, wekeni picha ya nyuma ya chupa, mahali miligramu zinaandikwa. Tumeni ripota anunue chupa tatu kwa hao wa WhatsApp, moja Kakamega, moja Kisumu, moja Nakuru, azipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, alafu mchapishe THC ngapi na CBD ngapi, ukubwa ule ule mlipatia lile jedwali na siku ile ile ya Jumamosi. Kando yake muweke boksi lenye mpaka mweusi: usiache dawa ya kifafa ghafla, usitie kijiko mdomoni, mlaze kwa ubavu, ikipita dakika tano kimbia hospitali. Na jedwali la dispensari zilizoishiwa dawa za kifafa, kwa majina, kila mwezi, nitawasaidia mimi mwenyewe kupiga simu.

Nesi mstaafu,
Kakamega