Ushauri wa zulia lenye mkojo wa paka usahihishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jumapili iliyopita, kwenye safu yenu ya mambo ya nyumbani, msomaji aliuliza afanyeje na zulia la sebuleni linalonuka mkojo wa paka. Akajibiwa amwage dawa ya madoa, ile ya klorini, kisha amalizie na siki juu yake, afunge madirisha vumbi lisiingie mpaka zulia likauke. Nimefundisha kemia kwa miaka 31 katika sekondari za mkoa huu wa Tanga, sasa nimestaafu. Niliposoma jibu lile mikono ilinitetemeka, kwa sababu nusu yake ilishafanyika nyumbani kwangu, na aliyekuwa karibu na zulia ni mjukuu wangu wa miaka 6, mwenye pumu.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi, nimekwenda msibani Muheza. Binti anayenisaidia kazi aliona haya wageni wakute sebule inanuka. Kwa nia njema kabisa akamimina chupa nzima ya dawa ya madoa kwenye kona nyuma ya kabati la vyombo, ambako paka wetu dume alikuwa amezoea kukojoa. Mvua inanyesha, madirisha yamefungwa. Nilirudi nikawakuta wote wawili barazani. Mtoto ameshika ukingo wa baraza kwa mikono miwili, akivuta pumzi mabega yanapanda hadi masikioni, macho mekundu, na neno hata moja halimtoki. Dawa yake ya kuvuta haikutosha, tukamkimbiza hospitali. Alipona, alhamdulillahi. Lakini sauti ya kifua kile bado ninayo masikioni.

Kilichotokea ni hiki. Mkojo una yurea, hiyohiyo ya kwenye mifuko ya mbolea. Ukikaa, bakteria huivunja ikatoka amonia, ndiyo ile inayochoma pua. Amonia ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi za kloramini, ambazo huunguza koo na mapafu. Ushauri wenu ukaongeza na siki! Dawa ya klorini ikichanganywa na asidi, hata siki ya kachumbari, hutoa gesi ya klorini yenyewe. Hiyo ndiyo gesi Wajerumani waliyoiachia iende na upepo huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, ikaua askari ndani ya mahandaki yao. Katika chumba kilichofungwa madirisha haihitaji kuwa nyingi ili imdhuru mtoto.

Sasa nije kwenye harufu, maana najua msomaji yule ana shida ya kweli na hatasaidika kwa kuambiwa tu asifanye.

Zulia langu nililipeleka kwa vijana wanaoosha magari na mazulia. Likarudi linanukia marashi, na baada ya wiki mbili likawa vilevile. Nikafukiza udi. Udi na mkojo vikapandana, sebule ikawa haikaliki. Jirani akanishauri nimtie paka kwenye kiroba nikamwache soko la samaki la Deep Sea, na najua wengi hufanya hivyo. Sikukubali. Nikajiuliza swali nililokuwa nikiwauliza wanafunzi kabla hawajagusa chupa yoyote maabara: unachotaka kukiondoa ni nini hasa?

Amonia ndiyo nyepesi, siki inaituliza. Kinachotesa zaidi ya hiyo, hata ikiwa kidogo, ni asidi ya yuriki. Hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji, hubaki fuwele ndogondogo ndani ya nyuzi za zulia, na hewa ya masika ikiingia unyevu tu harufu inaamka. Ndiyo maana sisi wa pwani zulia linaonekana limepona wakati wa kiangazi, halafu Machi linaanza tena. Siki haiziwezi fuwele hizo, kwa kuwa asidi ya yuriki haiyeyuki vizuri kwenye asidi nyingine. Inataka kitu chenye besi, yaani kinyume cha asidi. Tena mkojo wa paka, hasa dume asiyehasiwa, una kitu kiitwacho felinini, chenye salfa ndani yake. Kikivunjika ndipo inapotoka harufu ile nzito inayoshika mpaka mapazia, na kwa kemia ni jamaa ya harufu ya kicheche.

Kijana wa kibanda cha miamala ya simu hapa mtaani aliniazima taa yake ndogo ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Usiku nikazima taa zote, nikapiga magoti. Doa nililokuwa nikihangaika nalo miezi yote likaonekana linang'aa kimanjano, na mengine manne ambayo sikuyajua kabisa, moja likiwa limechirizika kwenye mguu wa kochi mpaka chini. Nikayazungushia chaki. Asubuhi tuliposogeza vyombo na kufunua zulia, nikaelewa kwa nini kuosha juu hakukufaa kitu: doa ambalo juu lilikuwa kama kisosi, chini kwenye sponji lilikuwa kama sinia. Mkojo hushuka na kutanuka. Sponji ile niliikata nikaitupa, sakafu ya saruji nikaiosha kwa sabuni na maji mengi.

Zulia lenyewe nililiosha kwa mchanganyiko ambao mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, aliuchapisha mwaka 1993 kwa ajili ya mbwa walionyunyiziwa uvundo na skunk, mnyama wa huko ambaye kwa harufu ni kama kicheche wetu. Ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, kiasi cha lita 1. Baikaboneti, yaani baking soda ya kuumulia keki (si baking powder), robo kikombe. Na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Ukiuziwa ya asilimia 6, ongeza maji kiasi kilekile. Baikaboneti ndiyo besi inayosaidia fuwele kuyeyuka, na peroksaidi inaigeuza ile salfa ikose harufu. Vaa glovu. Changanya kwenye beseni lililo wazi, utumie papo hapo. Ukiufunga kwenye chupa gesi hujaa na chupa hupasuka. Usiuchanganye na siki wala na dawa ya madoa. Na ujaribu kwanza pembeni pasipoonekana, kwani unaweza kufifisha rangi. Langu ni jekundu, lilipungua kidogo, sikujali.

Nilimimina mpaka ikafika kule mkojo ulikofika, nikaacha kama saa nzima, kisha nikatandika mataulo makuukuu na kuyakanyagakanyaga. Sikusugua, kwa sababu kusugua kunausukuma mkojo ndani zaidi. Maji yalikuwa ya kawaida, si ya moto. Joto hugandisha uchafu kwenye nyuzi. Nikasuuza mara tatu, zulia likakaa juani uani siku mbili. Madoa mawili yalihitaji kurudiwa.

Mimi ni Mshafii. Paka kwetu si najisi, lakini mkojo wake ni najisi, na kwa miezi mingi nilikuwa nikiswali chumbani kwa sababu ya zulia lile. Maji ya mwisho ya kusuuzia niliyamimina kwa nia ya tohara. Siku nilipotandika msala wangu tena sebuleni, nikasujudu na pua isinuse kitu, nililia.

Paka naye tulimpeleka kwa daktari wa mifugo akahasiwa, na baada ya wiki kadhaa akaacha kuchirizia kuta. Daktari akanieleza jambo ambalo kila mwenye paka dume anapaswa kulijua: ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, analia, na mkojo hautoki ila matone, huyo njia yake imeziba, na bila kutibiwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Apelekwe siku hiyohiyo. Wangapi wametupwa sokoni kwa kuonekana wakaidi, kumbe ni wagonjwa?

Kwa mkojo mbichi, uliomwagika sasa hivi, haya yote hayahitajiki. Kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka kisilowe tena, mimina maji baridi, kandamiza tena.

Ndugu Mhariri, naomba ushauri ule usahihishwe Jumapili hii, ukurasa uleule, kwa herufi kubwa kama mlizotumia mwanzo. Na kuna jambo halipaswi kungoja Jumapili. Aliyewauliza alisema kwenye swali lake kwamba ana mtoto wa miezi 8 anayetambaa juu ya zulia hilo. Kama namba yake mnayo, mpigieni leo.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.