Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Mitandao ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu yako ukaja kuketi nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba tulizungumze jambo moja linalotukosesha usingizi. Matangazo mengi ya kazi tunayosoma yanataka fundi mwenye cheti cha CCNA, yaani cheti cha mitandao kinachotolewa na kampuni ya Cisco, na papo hapo awe na uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Anayeanza hana hiki wala kile. Vijana wenzetu wanabishana: huyu anasema cheti ni karatasi tu, yule anasema asiye na cheti ataishia kuvuta waya. Sisi tuliyaona yote mawili tukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Asubuhi moja, katika ofisi tuliyopangiwa, mtandao wote ulikufa. Taa za swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa waya, zilikuwa zinamwekamweka zote kwa pamoja, bila kupumzika. Tulikimbilia kompyuta, tukaanza kukagua anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kompyuta mtandaoni, moja moja, kama tulivyozoea kwenye Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao. Fundi wa pale, mzee ambaye hajawahi kukalia mtihani wowote wa mitandao, alizitazama taa zile akaanza kuchomoa waya, mmoja baada ya mwingine. Alipochomoa uliokwenda masijala, taa zikatulia. Tulikwenda huko, na chini ya meza tukakuta swichi ndogo yenye waya mfupi uliochomekwa ncha zote mbili humo humo. Mtu alihamisha meza, akaona ncha inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi.

Bosi aliuliza: waya mmoja unaangushaje ofisi nzima? Mzee alinyamaza. Aliyejibu ni mwenzetu aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa CCNA. Alieleza kuwa ujumbe unaotumwa kwa kompyuta zote ulikuwa unazunguka ndani ya kitanzi kile na kuongezeka bila kikomo, kwa sababu swichi ndogo ya bei nafuu haina itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya kuukata mzunguko. Akaonyesha jinsi ya kuipanga swichi kubwa ili ijifungie tundu lolote linaloleta hatari hiyo. Mzee akamwambia, "Mwanangu, miaka yote hii mimi nilikuwa nachomoa tu."

Ndiyo maana hatukubali cheti kidharauliwe. Kinamlazimisha mtu kusoma hata yale ambayo kazini kwake hayajatokea. Wala hatumtetei anayekariri majibu yaliyovuja na kupita mtihani bila kuwahi kubana plagi ya waya wa mtandao hata moja. Huyo anawaharibia jina wote waliosoma kwa haki, na Cisco wakimgundua humnyang'anya cheti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtihani wa CCNA ni dola 300 za Marekani, na hapo kodi haijaongezwa. Ukishindwa, unalipa upya. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka 3 tu kabla ya kuhuishwa. Unaruhusiwa kuufanyia nyumbani, lakini uwe peke yako chumbani, mbele ya kamera, na intaneti isiyokatika. Wengi wetu tunalala chumba kimoja na wadogo zetu, na umeme tunaujua ulivyo. Wazazi wetu walioko hapa wameuza mahindi na kuku ili tulipe ada. Kuwadai tena dola 300 hatuwezi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Ofisi zinapobadilisha vifaa, swichi na ruta (vifaa vya kuunganisha mtandao mmoja na mwingine) zilizotolewa zisirundikwe stoo. Ziletwe hapa chuoni, maana hata ya zamani ina tundu, ina taa, na inaharibika kama vifaa vya kweli vinavyoharibika. Pili, utusemee kwa waajiri ili muda wa mafunzo kwa vitendo uongezwe, na mwanafunzi akiwa huko ashike koleo na kipima waya, siyo kutumwa kutoa fotokopi. Tatu, na hili tunalitilia mkazo kuliko yote: mwajiri anayetaka cheti ampokee kijana bila hicho cheti, amlipie mtihani baada ya mwaka mmoja wa kazi, kisha amkate kidogo kidogo kwenye mshahara. Tuko tayari kusaini mkataba wa namna hiyo hata leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.