Gombe siyo ya wageni peke yao, tuwekeeni ratiba na bei wazi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo la watu wa kawaida kushindwa kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe, hapa kwetu Kigoma, limenikaa moyoni muda mrefu na naona kila mwaka linajirudia vile vile.

Kila ikikaribia likizo ya Juni simu yangu haitulii. Shemeji yuko Dar anauliza, binamu yuko Mwanza anauliza, wifi yuko Dodoma naye anauliza, na swali ni lile lile, hivi na sisi watu wa kawaida tunaweza kwenda kuona wanyama au hadi uwe na mamilioni? Maana ukisema safari ya mbugani mtu kichwani anaona Land Cruiser imefunguliwa paa, Serengeti, hoteli ya dola, basi anakata tamaa kabla hajauliza chochote. Mwaka jana ndugu zangu walienda kuulizia kwa wakala mmoja hapa mjini, wakatajiwa boti ya kukodi peke yao, mafuta ya kwenda na kurudi, mpishi, sijui na nini, jumla ikawa hela ya kujengea chumba na sebule. Wakaahirisha. Na mimi iliniuma kweli kwa sababu njia ya bei nafuu ipo, tena ndiyo hiyo hiyo isiyoharibu mazingira, ila hakuna mtu anayewaambia watu.

Ngoja niieleze kama ninavyowaeleza ndugu zangu.

Cha kwanza ni treni. Reli ya kati imefika Kigoma toka mwaka 1914, ni kama kilomita 1,250 kutoka Dar, ni ndefu na inachosha sikatai, lakini nauli ya daraja la tatu mtu wa kawaida anaimudu na kama una watoto au wazee unachukua behewa la kulala. Watu mia kadhaa wanavutwa na kichwa kimoja, sasa piga hesabu moshi wa kila mtu ni kiasi gani ukilinganisha na kandege kadogo kanakobeba watalii wachache kuwapeleka Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe. Halafu treni yenyewe ni sehemu ya safari. Ikisimama Tabora inakaa, watu wanashuka kununua asali ya miombo na karanga, na mwenye nafasi anaweza kukatisha hapo siku moja aende Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone, ni karibu tu na mjini, kisha aendelee na treni inayofuata. Hiyo ni historia yetu, njia ya misafara ya pembe na watumwa ilipita hapo ikaja kuishia huku Ujiji. Nikiwauliza vijana wa Dar hata hawajui kama Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871, wanadhani ni hadithi ya vitabuni tu, wakati sehemu yenyewe ipo, ina mnara na makumbusho, unapanda daladala kutoka mjini unafika.

Sasa Gombe. Hapa ndipo hela za watu zinapotea. Hakuna barabara ya kufika Gombe, ni maji ya Ziwa Tanganyika tu, na ukiwa mgeni mtu wa kwanza atakayekushika mkono atakwambia lazima ukodi boti. Siyo lazima! Pale Kibirizi, ufukweni wanakopakilia watu hapa mjini, kuna boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini, Mtanga, Mwamgongo na kuendelea, zinapita pale pale mbele ya hifadhi. Ni boti za mbao zenye mashine ya nyuma, unakaa kwenye ubao, pembeni yako mama ana madumu ya mawese, mbele kuna kreti za soda na magunia ya unga, turubai linafunguliwa mvua ikija. Zinaondoka mchana mchana zikishajaa, zinarudi asubuhi mapema, kwa hiyo ukizitumia panga kulala usiku mmoja au miwili pale Kasekela kwenye nyumba za hifadhi. Na Jumapili usizitegemee. Uliza jaketi la kuokolea maisha kabla hujapanda, kama hawana subiri inayofuata, ziwa likichafuka mchana halina huruma na mtu.

Boti hiyo ingekwenda Mwamgongo uwepo au usiwepo, haichomi lita hata moja ya ziada kwa ajili yako. Na nauli yako inabaki kwa watu wa vijiji vya hapa. Wale wanaouza safari za gharama kwa jina la kutunza mazingira sijawahi kuwasikia wakisema hilo hata siku moja.

Kiingilio nacho watu wanakiogopa bure. Mtanzania analipa kwa shilingi siyo kwa dola, na tofauti na mgeni ni kubwa sana, cha muhimu uwe na kitambulisho chako cha NIDA na ulipie kwa kontrol namba, usimpe mtu yeyote keshi njiani. Muongozaji analipwa kwa kundi siyo kwa kichwa, kwa hiyo mkija watano au sita mnachangia na kila mmoja anatoa kidogo. Ukija peke yako ndo inakuwa mzigo.

Lakini kuna masharti na nayasisitiza kwa sababu naona watu wetu wanayachukulia poa. Mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kwa sokwe Gombe. Ukiwa na mafua au kikohozi huendi, hata kama umelipa. Unavaa barakoa, unakaa mbali mita 10 na muda ni saa moja tu. Watu wanalalamika eti tumetoka mbali, jamani sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu na hawana dawa. Mwaka 1966 polio iliingia Gombe ikaua na kulemaza sokwe, na Mahale mwaka 2006 ugonjwa wa kifua uliwaua kadhaa. Gombe nzima ni kilomita za mraba hamsini na kitu wakati Serengeti ni 14,763, na sokwe waliobaki humo ni kama 100 hivi. Kikohozi cha mtu mmoja mkaidi kinaweza kumaliza familia.

Ukishafuata hayo utaona vitu ambavyo hakuna mbuga ya kaskazini itakuonyesha. Watafuta sokwe wanatoka alfajiri, wanawasiliana kwa redio, nyie mnapanda mlima jasho linatoka hadi mnasikia ile kelele yao inaanza chini chini inapanda inapanda hadi msitu mzima unaitikia. Halafu unamkuta jike amekaa kwenye kichuguu, amechuma kijiti, anakilainisha kwa meno, anakichomeka kwenye tundu polepole, anakitoa kimejaa mchwa anakipitisha mdomoni. Mwanae yuko pembeni na kijiti chake kifupi anaiga na anakosea. Ni hicho hicho mtafiti wa sokwe Jane Goodall alichokiona mwaka ule wa 1960 alipofika hapa akiwa na miaka 26, dunia nzima ikashangaa kwamba kumbe siyo binadamu peke yake anayetengeneza kifaa. Mama huyo amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, dunia ikamlilia, na kuna watoto wa Mwanga na Gungu wamezaliwa na kukulia hapa Kigoma hawajawahi kukanyaga Gombe. Hilo linanisikitisha kuliko yote niliyoandika hapa.

Na msitu wenyewe unatuhitaji. Ukiwa kwenye boti angalia milima, upande wa vijiji miti ilikwisha kwa mashamba, kuni na mkaa, ukifika mpaka wa hifadhi kijani kinaanza ghafla kama kimekatwa kwa kisu. Goodall aliliona hilo kutoka kwenye ndege na mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE wa kufanya kazi na vijiji, vitalu vya miche, misitu ya vijiji, mikopo ya kina mama, na sehemu nyingine miti imerudi. Lakini mwanakijiji wa Mtanga atalinda msitu kwa moyo gani kama faida ya utalii inapita kichwani kwake kwa spidi boti? Tukipanda boti yao, tukala ugali na mgebuka kwenye kibanda chao, tukanunua dagaa na mawese ya kurudi nayo nyumbani, anaona kabisa sokwe amemletea hela.

Kuhusu takataka sitaki kusema mengi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini chupa za maji zinaelea pale Kibirizi na kila mtu anaona. Hili ziwa lina kina cha mita 1,470, tunalichangia nchi nne, na maji yakishaingia yanakaa mamia ya miaka ndipo yatoke kwenda Kongo kwa mto Lukuga. Njoo na chupa yako ya kujaza, uchafu wako urudi nao mjini. Na chakula usitembee nacho mkononi pale ufukweni Gombe, nyani watakunyang'anya, na nyani akishazoea chakula cha watu anakuwa hatari kwa watu wanaokuja baada yako.

Wenye watoto wadogo msiache kuja. Watoto wanabaki mjini na shangazi yao, wanaogelea ufukwe wa Jakobsen kule Katonga, wanaona samaki wa rangi kwenye mawe, wanaenda Ujiji makumbusho, wanaona reli inavyoishia ziwani. Wakubwa ndo wanaenda Gombe kwa zamu. Na muda mzuri ni Julai hadi Oktoba kipindi cha kiangazi, njia za mlimani haziko na utelezi. Mahale ni nzuri kupita maelezo, ila iko mbali, kama kilomita 120 kusini, na gharama ya kufika ni nyingine kabisa, kwa safari ya kwanza mimi nasema anzeni na Gombe.

Sasa ombi langu kwa wahusika, hifadhi, halmashauri, shirika la reli na wenye boti. Tuwekeeni ubao mmoja kwa Kiswahili stesheni ya Kigoma na mwingine Kibirizi, uandikwe boti ya abiria inaondoka muda gani, nauli ya kushuka Gombe ni kiasi gani, kiingilio cha Mtanzania, bei ya kulala, bei ya muongozaji kwa kundi, na namba ya ofisi ya kupiga. Bei ikiwa ukutani hakuna atakayemtajia mgeni wa Dar bei ya kutunga. Pili tengeni siku mbili kwa wiki kipindi cha likizo ambazo watu wasiojuana wanachangia boti moja yenye majaketi ya kutosha na kundi moja la muongozaji. Hata ikipangwa Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi, walimu, manesi na vijana wa bodaboda wanaweza kuja bila kuomba ruhusa ndefu kazini.

Na ninyi Mhariri, mkiweza chapisheni hizo bei kila mwisho wa Mei kabla shule hazijafungwa. Nakala tutanunua wenyewe, tutazibandika stendi, stesheni na pale Kibirizi kwenye vibanda vya tiketi.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma