Mafunzo ya usalama uwanjani, Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi tunakutana Uwanja wa Lake Tanganyika saa mbili kamili asubuhi. Wa Ujiji na Gungu mtoke mapema tafadhali.

Muda mwingi tutautumia kwenye mageti. Someni kidogo habari ya Accra, 9 Mei 2001. Mechi ya Hearts na Kotoko, timu mbili kubwa za Ghana, ilikuwa inaelekea kuisha, mashabiki wakang'oa viti, polisi wakapiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango wakaikuta imefungwa. Walikufa zaidi ya 120. Yaoundé nako, Januari 2022 kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), wanane walifia getini, mpira hawakuuona. Kwa hiyo kwetu geti la kutokea halipigwi kufuli watu wakiwa ndani, na aliyeshika ufunguo habanduki pale, hata kwenda kunywa maji. Hapo silegezi.

Mliokuwepo Julai 2021, Simba na Yanga walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapa hapa kwetu, mnaujua umati ulivyo. Msukumo hutoka nyuma, wa mbele ndio wanaobanwa. Ukiona watu wanainua vichwa kutafuta hewa, usiwapigie kelele wao; zuia kwanza wanaoingia. Hilo tutalifanyia mazoezi mpaka lituingie.

Huduma ya kwanza tutaigusa mwishoni. Vaeni viatu vya kufunga, mje na filimbi. Asiyeweza kuja aniandikie leo, napanga makundi usiku huu.