Risala ya wazazi wa watoto waliozaliwa na viungo vilivyokakamaa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, meza kuu na wazazi wenzetu, habari za mchana. Tutasema kwa kifupi maana watoto wameshasikia harufu ya pilau.

Mheshimiwa, watoto wetu wamezaliwa viwiko havikunji, viganja vimepinda, magoti yamegoma, wengine na miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kwa ndani, juu yake. Madaktari wanaita athrogriposisi, inampata karibu mtoto 1 kati ya 3000. Mtaani sasa kila mtu na lake, mara mama kalogwa, mara alimcheka kilema akiwa na mimba, na kuna ndoa humu zimevunjika kwa maneno hayohayo. Jamani, shida ni kwamba mtoto hakucheza vya kutosha tumboni, na kiungo kisipocheza kano zake zinafupika kinaganda hapohapo. Kwa nini hakucheza ndo kuna mambo, hali zaidi ya 400 zinaweza kuleta hiyo, neva, misuli yenyewe, maji ya uzazi kupungua, mapacha kubanana, au mama ana ugonjwa wa kudhoofisha misuli. Ile aina inayoonekana sana, amioplasia, wala hairithiwi. Ya viganja na nyayo tu ndo mara nyingi inatembea kwenye ukoo, ndo maana daktari mzuri anaomba aone na vidole vya baba.

Kipimo kimoja cha kumaliza kazi hakuna. Daktari anamshika mtoto kiungo kimoja kimoja, anamuuliza mama mimba ilikuwa inachezaje, halafu eksirei, picha ya MRI ya kichwa au kipimo cha vinasaba ikibidi. Kwenye utrasaundi ya mimba hali hii inapitwa sana, mtu akishaona mapigo ya moyo yapo anafuta jeli, nani akae atazame mtoto anakunja mkono?

Mwenzetu mmoja aligundua akimvisha mwanae kishati, mkono hauingii, akaambiwa ni baridi utalegea wenyewe. Miguu ikafungwa hogo, ile plasta ngumu, mikono hakuna aliyeigusa.

Tunachoomba, mkunga akague viungo vyote mtoto akizaliwa, sio miguu tu, na asivute kwa nguvu maana mfupa unaweza kuvunjika. Rufaa itoke wiki za mwanzo kano zikiwa bado laini. Na mtaalamu wa mazoezi ya viungo awepo hapa wilayani, hata siku moja kwa wiki, nauli ya kwenda mkoani inatumaliza.

Tunaomba kuwasilisha.