Makato yapo, michango haipo

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwafikie wabunge wetu.

Nimekuwa fundi mashine kwa miaka 14 katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere. Biashara ilipodorora, zamu tatu zikawa mbili, mwishowe moja, na mwezi Machi tukaitwa ofisini watu 23 kupewa barua za kupunguzwa kazi. Notisi ya siku 28 tulilipwa, na kiinua mgongo pia, japo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu siku saba za mshahara kwa kila mwaka na kuishia miaka 10. Minne yangu imekwenda hivihivi. Hilo nalo lingefaa kutazamwa.

Lakini kinachoninyima usingizi ni la kijana niliyemfundisha mashine. Sheria inasema aliyechangia NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, miezi 18 au zaidi, akaachishwa kazi bila kupenda, alipwe asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa mshahara wetu wa shilingi 360,000 ni kama 120,000 kwa mwezi: kodi ya chumba, unga na mkaa. Kijana amefanya kazi miezi 26. Hati zake za mshahara nimezishika kwa mikono yangu, kazipanga kwa tarehe ndani ya bahasha ya kaki, na kila moja ina makato ya asilimia 10. Taarifa yake ya michango ina miezi 11 tu! Kwa hiyo anahesabiwa kuwa hajafikisha 18, na stahili yake ni nusu ya kile kilichopelekwa.

Wabunge, rekebisheni sheria. Hati ya mshahara yenye makato iwe ushahidi wa kutosha. Mfuko umlipe kwanza mfanyakazi, kisha umdai mwajiri. Mfuko una uwezo wa kumshtaki mwajiri na kumtoza adhabu. Kijana huyu ana bahasha. Na vibarua wanaookotwa getini kila alfajiri, hawana hata hiyo. Nao wawekewe utaratibu.

Kijana amekwenda kiwandani mara tatu kuulizia miezi yake 15. Safari zote mlinzi amemwambia hana ruhusa ya kumfungulia geti.

Fundi mashine,
Vingunguti, Dar es Salaam